Farasi kakukanyaga, kakuuma au kamba imekubabua: la kufanya, hatua kwa hatua

Mtu yeyote anayeshinda na farasi ataumia siku moja, hilo halina mjadala. Wala sio lazima farasi awe mkorofi, yule mpole kuliko wote bandani ndo mara nyingi anakukanyaga, maana hajui kama mguu wako uko pale, anahamisha tu uzito toka upande huu kwenda ule afu kwato inatua juu ya vidole vyako. Farasi mkubwa anaenda kilo 400 mpaka 600 hivi, na hizo kilo zikishatua hazikuulizi umevaa buti au kandambili.

Kabla hatujaenda mbali kitu kimoja kikae kichwani: jeraha la farasi halipimwi kwa damu. Hapa ndo watu wengi wanapotea. Mtu akichubuka mkono damu ikatoka kidogo anapaniki, banda zima linakusanyika, ila mwenzake kapigwa teke la paja, ngozi iko nzima, hamna hata tone, anaambiwa "we mbona uko poa tu" anaendelea kuchota maji. Kumbe yule wa mchubuko alihitaji kuosha na kufunga basi, na huyu wa teke ndo wa kuangaliwa, kwasababu kwato na meno ya farasi hayakati sana, yanaponda, na kilichopondwa kiko chini ya ngozi ambako huoni. Kwahiyo kila hatua hapa chini inarudi kwenye swali moja: nguvu imeingia wapi, na imeishia wapi.

HATUA YA 1: Achana na farasi kwanza

Najua ukiumia kitu cha kwanza ni kutaka kuangalia, unainama unashika mguu. Usiiname. Ukiinama pale kichwa chako kinakuwa usawa wa magoti ya mnyama ambaye ameshashtuka na kelele zako, na teke la pili huwa halina huruma kama la kwanza.

Kama bado kakusimamia mguuni usivute mguu, ukivuta unachuna ngozi na kuongeza maumivu na yeye wala haelewi. Msukume begani kwa mwili wako mzima, sio kwa kiganja tu, ahamishie uzito upande wa pili, kwato itanyanyuka yenyewe. Ongea naye kwa sauti ya chini, ukipiga yowe anaweza kukaza miguu au kuruka palepale ulipo.

Ukishatoka mpe mtu mwingine kamba. Kama uko peke yako, we toka nje ya chumba chake ufunge mlango, kama mko uwanja wa wazi na huwezi kumfunga salama basi muachie aende zake, farasi aliyetoroka atarudishwa. Ukianguka toka mgongoni jiviringishe mbali na miguu yake, afu KAA CHINI kwanza, usikurupuke kusimama kuonyesha watu kwamba hujaumia, hiyo aibu itapita.

Kwa anayesaidia: kama mko wawili mmoja anashika farasi, mwingine anaenda kwa mgonjwa. Wote mkikimbilia mgonjwa, farasi anabaki anazunguka juu yenu. Na mtu aliyeanguka akisema shingo inauma, au mgongo, au mikono imekufa ganzi, au haitikii ukimwita, usimnyanyue wala usimvue helmeti kwa nguvu, mwache alivyo, shika kichwa chake kisigeuke, pigeni simu. Kitu pekee kinachovunja hii sheria ni kama hapumui vizuri, hapo njia ya hewa inakuja kwanza.

HATUA YA 2: Jikague, ujue kama hili ni dogo kweli

Mwongozo huu ni wa majeraha madogo, na kuna mengine yanajifanya madogo. Ukiona mojawapo ya haya acha kusoma nenda hospitali:

- Teke la tumbo. Lolote. Hata kama umesimama unacheka. Wengu na ini vinaweza kuvuja damu ndani polepole na mtu akajisikia vizuri masaa kadhaa, afu anaanza kizunguzungu, jasho la baridi, tumbo linakuwa gumu, au bega la kushoto linauma wakati bega halikuguswa (hiyo ni dalili ya wengu na watu wengi hawaijui kabisa). Mkojo wenye damu baada ya teke la ubavuni au kiunoni nao ni huo huo mlango.
- Teke la kifua kama ukivuta pumzi inachoma au pumzi haitoshi.
- Mtoto aliyepigwa teke sehemu yoyote ya kiwiliwili au kichwani. Kwa mtoto hamna cha "tusubiri tuone".
- Kiungo kimepinda vibaya, au vidole vimekuwa vyeupe, vya bluu, vya baridi, au vina ganzi.
- Damu inaruka kwa mapigo au haikati baada ya kukandamiza dakika 10 mpaka 15.
- Umepoteza fahamu hata sekunde chache, au hukumbuki ulianguka vipi.

Kama hamna hata moja, sawa, tuendelee, ila jikague tena baada ya nusu saa mwili ukishatulia maana ile moto ya mwanzo inaficha maumivu.

HATUA YA 3: Kata damu, afu osha kama vile huna haraka

Damu: chukua shashi au kitambaa safi, kandamiza moja kwa moja juu ya jeraha kwa kiganja, hesabu dakika 10 kwa saa, na usichungulie. Kuchungulia kila dakika ndo kunafanya damu isigande. Ikilowana ongeza kitambaa juu yake, cha chini usikitoe. Nyanyua mkono au mguu juu kama hauna dalili ya kuvunjika.

Kuosha sasa. Hapa ndo pa kutumia muda, kuliko dawa yoyote utakayopaka baadae, kwasababu mazingira ya farasi yana samadi, vumbi la majani makavu, udongo, mate, na vyote viko kwenye jeraha lako hata kama hukuanguka. Nawa mikono kwanza, vaa glavu kama zipo. Afu maji safi ya kunywa yanayotiririka, bomba au chupa uliyotoboa kizibo upate msukumo kidogo, dakika 5 mpaka 10 nzima, yaani mpaka uone umechoka kuosha. Sabuni ipite pembeni kwenye ngozi. Ukiona bua au kijiwe kimebaki kitoe kwa kibano kilichosafishwa kwa spiriti, na kama kimezama ndani usichimbe, hiyo ni kazi ya kliniki.

Spiriti usimwage ndani ya kidonda, inachoma na inaunguza nyama nzima ambayo ndo inatakiwa ipone, haidrojeni paroksaidi nayo vilevile, ile povu inafurahisha macho tu. Iodini iliyozimuliwa sawa pembeni ya jeraha. Na tafadhali sana, ile dawa ya zambarau ya kupuliza ya wanyama iliyotundikwa bandani ni ya wanyama, na zile za maumivu za farasi ndo usiguse kabisa: fenilbutazoni, ambayo farasi wanapewa mara nyingi, kwa binadamu inaweza kuua uboho ule unaotengeneza damu. Mtu anajiambia "kilo zangu 70 nachukua robo ya dozi", hapana, haiko hivyo.

Ukishaosha kausha kwa kugusagusa, funika kwa shashi isiyonata, funga bandeji isiyobana sana (kidole kimoja kipite chini yake). Badilisha kila siku au ikilowa. Jeraha lililoachama, kingo hazikutani, au unaona mafuta ya njano ndani, linataka kushonwa na uzuri wake ni liende mapema, masaa 6 mpaka 8 ya kwanza ndo kipindi kizuri. Ukilala nalo ukaamka asubuhi daktari anaweza kukataa kulifunga kwa kuogopa kufungia wadudu ndani.

HATUA YA 4: Pepopunda, na hapa sitanii

Wadudu wa pepopunda wanaishi kwenye udongo na kwenye samadi ya farasi, mbegu zao zinakaa hapo miaka. Wewe unafanya kazi juu ya samadi. Kwahiyo swali la kila jeraha lililotoboa ngozi, hata la msumari wa kwato au mbao ya uzio, ni hili: mara ya mwisho nilichanjwa lini?

Kama ulimaliza dozi zote za mwanzo na ya mwisho haijapita miaka 5, uko salama. Ikiwa imepita miaka 5 na jeraha ni chafu (na la bandani ni chafu, usijidanganye), unahitaji ya kuongezea. Jeraha safi dogo mpaka miaka 10. Kama hujui, au hukumbuki, au hujawahi kumaliza dozi, nenda siku hiyohiyo, maana mtu wa namna hiyo anaweza kuhitaji na sindano ya kinga ya moja kwa moja mbali na chanjo. Dalili zinakuja baada ya siku 3 mpaka 21, taya zinaanza kukaza, na hapo umeshachelewa kwa vitu rahisi. Ni sindano moja jamani. Farasi wenyewe wanachanjwa pepopunda kwa ratiba kabisa, afu anayewashika hajui yake ilikuwa lini, inachekesha na haichekeshi.

SASA TWENDE KWA KILA AJALI

Kukanyagwa mguu

Fungua kamba za kiatu zote kwanza, vua buti polepole mapema kabla mguu haujavimba. Likigoma usilivute, likatwe au uende nalo hospitali lilivyo.

Angalia vitu vitatu. Cha kwanza unaweza kutembea hatua nne? Sio vizuri, hata kwa kuchechemea, ila hatua nne uzito ukiwa juu ya mguu. Kama huwezi nenda kapige eksirei. Cha pili bonyeza mifupa kwa kidole kimoja kimoja: vile vifundo viwili pande za kiwiko cha mguu, hasa nyuma yake, mfupa ulio ukingo wa nje katikati ya unyayo, na ule wa upande wa ndani juu ya upinde. Maumivu makali ya kwenye mfupa wenyewe, sio nyama, ni eksirei. Cha tatu rangi na joto la vidole, linganisha na mguu wa pili.

Ukipita hayo ni kuponda nyama. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 mpaka 20, pumzika, rudia kila masaa mawili matatu siku ya kwanza, usiweke barafu tupu bila kitambaa kwenye ngozi itakuunguza. Bandeji ya kuvutika kuanzia vidoleni kwenda juu, mguu juu ya mto uwe juu ya usawa wa moyo. Na kukanda maji ya moto USIKANDE siku mbili za mwanzo, najua ndo kitu cha kwanza wengi wanakimbilia, moto unafungua mishipa damu inazidi kuvilia ndani. Baada ya saa 48 hivi uvimbe ukishasimama ndo joto linasaidia.

Ukucha ukiwa mweusi na unadunda kama moyo umehamia kidoleni, damu imenaswa chini yake. Mhudumu wa afya anaweza kutoboa katundu kadogo kwenye ukucha damu itoke na nafuu inakuja palepale, inafaa zaidi siku moja mbili za kwanza. Usijitoboe mwenyewe kwa sindano ya moto, chini yake panaweza kuwa na mfupa uliopasuka na we umeufungulia njia ya uchafu. Kama hauumi sana uache, utadondoka wenyewe na mpya utachukua mwaka mpaka mwaka na nusu kwa kidole cha mguu, kwahiyo zoea.

Kubabuliwa na kamba

Farasi kashtuka, kamba imepita kiganjani kwa spidi, ngozi imeondoka. Hili ni jeraha la moto, usilichukulie kama mchubuko wa kawaida. Vua pete saa hiyohiyo kabla vidole havijavimba, afu weka mkono kwenye maji ya baridi yanayotiririka dakika 20, dakika tano hazitoshi, joto linaendelea kupika chini ya ngozi. Maji ya baridi ya kawaida, sio barafu. Hamna dawa ya meno, hamna mafuta, hamna siagi.

Ukimaliza osha kwa sabuni, toa nyuzi za kamba zilizonasa (za nailoni ni mbaya, zinavunjika vipande vidogo vidogo vinabaki). Lengelenge likitokea usilipasue. Funika kwa shashi isiyonata na uanze kukunja na kunyoosha vidole kila saa ukiwa macho, maana kiganja kikipona kimekunjwa kinakuja kukusumbua kushika hatamu. Kama sehemu imekuwa nyeupe kama nta au haina hisia kabisa, au imezunguka kidole chote, daktari.

Na hapa naingiza la kuzuia japo hii ni mada ya kutibu: kamba haizungushwi mkononi. Kamwe. Ile iliyobaki ikunje mikunjo ishike katikati kama unashika gazeti lililokunjwa. Kamba iliyozungushwa, farasi akikimbia, haitoi ngozi, inatoa kidole, na pete inafanya kazi hiyohiyo. Nimeona watu wazima wenye uzoefu wakizungusha kwasababu asubuhi ni baridi na hawataki kuishika vizuri.

Kuumwa

Meno ya mbele ya farasi ni bapa, hayatoboi kama ya mbwa, yanabana na kuzungusha, kwahiyo mara nyingi unapata donge jeusi la damu iliyovilia, mkononi au ubavuni au kifuani, ngozi ikiwa nzima. Hilo unalitibu kwa barafu na muda, na litapita rangi zote, zambarau, kijani, njano, wiki mbili tatu hivi. Donge gumu linaweza kubaki chini ya ngozi kwa muda mrefu zaidi, usilikande wala kulikamua.

Ngozi ikitoboka mambo yanabadilika. Osha kwa sabuni na maji dakika 15 kamili, paka iodini, funika, na uonekane na mtu wa afya siku hiyo hasa kama ni kwenye mkono, karibu na kiungo, usoni, au una kisukari, kwasababu kinywa cha farasi kina wadudu wake na mkono unaoza haraka kuliko unavyofikiri. Wanaweza kukupa antibiotiki.

Zile dakika 15 sio namba ya kubahatisha, ndo kiwango cha kuosha jeraha lenye wasiwasi wa kichaa cha mbwa, na ndio, farasi wanapata kichaa cha mbwa wakiumwa na mnyama mwenye nao. Sio kawaida, ila kama mahali mlipo ugonjwa upo na farasi aliyekuuma kabadilika ghafla, anayumba, anashindwa kumeza, mate yanamtoka, anashambulia kitu chochote wakati sio tabia yake, basi we nenda hospitali leo na daktari wa mifugo aitwe leo. Hata kama hakukuuma, mate yake yakikugusa kwenye kidonda au machoni wakati unamfungua mdomo kuangalia kama amekabwa, inahesabika. Chanjo baada ya kuumwa inafanya kazi vizuri, dalili zikishaanza hamna dawa.

Teke la paja, tako au shavu la mguu

Hili ndo jeraha ninalolichukia, maana linadharauliwa. Barafu, bandeji ya kubana kiasi, pumzika. Kwa paja kaa na goti limekunjwa wakati wa barafu, kwa kadri unavyoweza bila maumivu makali, inasaidia msuli usikakamae. Usifanye masaji. Msuli wa paja uliopondwa ukisuguliwa mapema mapema unaweza kuanza kujenga mfupa ndani ya nyama, kitu halisi kabisa hiki sio hadithi, na kukitoa ni miezi.

Cheki hili usiku wa kwanza: maumivu yanapungua au yanaongezeka? Kawaida yanasimama au kupungua. Yakizidi kila saa, dawa haishiki, msuli umekaza kama ubao, ukinyoosha vidole vya mguu unapiga kelele, ganzi inaanza, basi uvimbe umefungiwa ndani ya ala ya msuli na unakaba damu. Hiyo ni ya hospitali usiku huohuo, haisubiri kukuche, na fungua bandeji mkiwa njiani.

Dawa ya maumivu kwa mtu mzima parasetamoli gramu nusu mpaka moja, kila masaa 4 mpaka 6, isizidi gramu 4 kwa siku nzima, na iwe chini ya hapo kama una shida ya ini. Ibuprofeni na aspirini ziache siku ya kwanza ya jeraha linalovilia sana, na kama umegonga kichwa ziache kabisa mpaka daktari aseme.

Kugongwa na kichwa cha farasi

Unamfunga lijamu (kile chuma cha mdomoni), inzi anamgusa, kichwa kinarushwa juu, pua yako iko njiani. Damu ya pua: kaa, inamia MBELE, bana sehemu laini ya pua dakika 10 mpaka 15, pumua kwa mdomo. Kuinua kichwa nyuma kunakufanya umeze damu utapike. Pua ikikaa upande baada ya uvimbe kushuka siku kadhaa ionwe. Maji maji meupe kama maji yanayotoka puani au sikioni baada ya kugongwa ni dharura.

Jino likitoka zima lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi, lisuuze sekunde chache tu, lirudishe kwenye tundu lake ung'ate kitambaa, ikishindikana litie kwenye maziwa, na mbio kwa daktari wa meno, nusu saa ya kwanza ina thamani kubwa. Hiyo ni ya jino la utu uzima, la utoto halirudishwi.

Halafu ubongo. Kichwa kikiuma, mwanga unakera, kichefuchefu, unajisikia uko taratibu taratibu, huo ni mtikisiko wa ubongo hata kama hukuzimia. Siku hiyo hupandi tena, hata kama ni mashindano, hata kama umelipia. Siku moja mbili za kupumzika, simu kidogo, pombe hapana, na mtu awe na wewe usiku wa kwanza. Kutapika kurudia, kusinzia asiyeamshika vizuri, mboni moja kubwa kuliko nyingine, degedege, kuongea ovyo, hospitali. Helmeti iliyopokea kishindo tupa hata kama haina ufa, povu la ndani linabonyea mara moja tu.

Vidole vilivyoteguka na mengine ya kawaida

Kidole kilichonaswa kwenye hatamu au mlango wa chumba: vua pete, barafu, afu kifunge pamoja na jirani yake ukiweka shashi katikati ngozi isioze kwa jasho. Kikiwa kimepinda au hakinyooki chenyewe kwenye ncha usikivute, eksirei. Malengelenge ya hatamu au ya fito la kusafishia banda, osha, funika, uachane nayo. Michubuko ya tandiko mapajani ikauke, suruali isiyo na mshono ndani, siku mbili bila kupanda. Vumbi la majani makavu likiingia jichoni usisugue, mimina maji safi toka kona ya pua kwenda nje dakika nyingi, na kama siku inayofuata bado unahisi mchanga, daktari wa macho, bua linakwaruza kioo cha jicho.

SIKU ZINAZOFUATA

Jeraha likienda vibaya huwa linaanza siku ya pili au ya tatu. Unachotafuta ni wekundu unaotanuka, chukua kalamu uchore mpaka wake, ukiuvuka kesho yake umepata jibu. Joto, usaha, harufu, maumivu yanayodunda wakati yalishatulia, homa, tezi za kwapani au kinenani kuvimba. Mstari mwekundu unaopanda mkono toka kwenye jeraha haungoji mpaka Jumatatu.

Kurudi kazini: mguu ubebe uzito bila kuchechemea, mkono ukunje ngumi na kushika kamba kwa nguvu zote. Kama mkono haushiki, farasi atakaporuka hutamzuia, na hapo unaumia wewe na aliye karibu. Anza na yule mzee mtulivu, kazi za kupiga brashi, kabla hujamgusa dume.

Sanduku la bandani liwe na glavu, shashi zisizonata, bandeji za kuvutika mbili tatu, plasta, iodini, kibano, mkasi mnene unaokata buti, chupa za maji safi, pakiti za barafu za kuvunja (za mara moja, hazihitaji friji), parasetamoli, na karatasi yenye namba za simu pamoja na tarehe ya mwisho ya chanjo ya pepopunda ya kila anayefanya kazi hapo. Dawa za binadamu zikae mbali na za wanyama, rafu tofauti kabisa. Kagua tarehe za kuisha muda mara kwa mara, na sanduku lenyewe lisifungiwe kwenye chumba cha matandiko ambacho ufunguo anao mtu mmoja ambaye Jumapili hayupo, maana ndo ilivyo kwenye mabanda mengi na Jumapili ndo siku wageni wanakuja kupanda.